Jina chini ya kibao: namna ya kuwatafuta mafundi wa mwanzo wa kiwanda cha piano

Piano ya parokia moja hapa Lubumbashi ilikuwa na vibao vinne vilivyokwama tangu mvua za mwaka jana. Mjomba wangu, seremala wa Kamalondo ambaye ufundi wa piano aliupata kwa kufungua na kufunga, akaitwa aitazame. Nilimfuata kumshikia taa. Kibao cha piano ukikichomoa utashangaa: ile sehemu tunayoibonyeza kwa kidole ni ncha tu ya kijiti kirefu cha mti mwepesi, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi vidoleni, kimetobolewa matundu mawili na kugongwa mhuri wa namba. Mjomba alianza na kile cha kwanza kushoto. Akakigeuza, akakisogeza kwenye mwanga, akaniambia, "Angaria, kuko muntu aliandika jina yake huku."

Ilikuwa penseli. Jina la ukoo, kwa sura yake la Kijerumani, kisha siku na mwezi. Mwaka ulikuwa umefutika. Kibati cha jina la kampuni upande wa mbele kiling'olewa zamani, pengine na mtu aliyekipenda kwa kung'aa kwake. Tukabaki na fundi asiye na kiwanda.

Swali la mjomba lilikuwa fupi: mtu kama huyu, aliyekufa labda zaidi ya miaka 100 iliyopita, unampata wapi? Nimeliandikia makala hii kwa sababu jibu lake limejaa mitego, na kwa sababu sisi watu wa Lubumbashi tunaijua mitego hiyo kuliko tunavyodhani. Nitaeleza kwa kufuata kiwanda kimoja ambacho nyaraka zake zimehifadhiwa vizuri kuliko vingi, Steinway & Sons cha New York. Sisemi piano ya parokia ni Steinway. Mjomba anasema siyo, na kwa hilo namwamini.

Mwanzo upi?

Heinrich Engelhard Steinweg alizaliwa mwaka 1797 huko Wolfshagen, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani, akawa mtengenezaji wa piano katika mji mdogo wa Seesen. Mwishoni mwa Juni 1850 aliteremka melini New York pamoja na familia yake. Kwa karibu miaka mitatu yeye na wanawe walifanya kazi katika karakana za watu wengine. Tarehe 5 Machi 1853 wakafungua yao, katika jengo la nyuma kwenye nambari 85 Varick Street. Piano ya kwanza waliyoiuza huko, kwa dola 500, haikuitwa namba 1. Iliitwa namba 483, maana walihesabu kuanzia zile 482 zilizotengenezwa Ujerumani.

Hapo hapo mtafiti anakwama. Kijana aliyemsaidia mzee kupiga randa kule Seesen ni mfanyakazi wa mwanzo wa Steinway? Kwa hesabu ya namba, ndiyo. Kwa hesabu ya kampuni, hapana. Na wale wa Varick Street walikuwa wachache kiasi cha kuenea katika chumba kimoja, ilhali kiwanda kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1860 kwenye Fourth Avenue, kati ya mtaa wa 52 na wa 53, kilikuwa na mamia ya watu. Huwezi kuwatafuta wote kwa njia moja. Wa karakana unawatafuta kama unavyotafuta ndugu. Wa kiwanda unawatafuta kama unavyotafuta watu sokoni.

Ni sawa na kuuliza hapa kwetu wafanyakazi wa kwanza wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, walikuwa akina nani. Kampuni iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ilifika 1910, shaba ya kwanza ilimiminwa 1911. Aliyebeba matofali ya tanuru na aliyesimama mbele ya tanuru likiwaka si lazima wawe mtu yule yule, na kila familia ya mji huu itakuambia wa kwanza alikuwa babu yao.

Vitabu viwili visivyokutana

Watu wengi wanaoanza utafiti huu hudhani kuna daftari mahali fulani lenye majina yote. Ofisi za viwanda zilikuwa na madaftari ya mishahara, ni kweli, na nyaraka nyingi za Steinway leo zimetunzwa Queens, New York, katika hifadhi ya nyaraka ya LaGuardia na Wagner. Lakini daftari la ofisi linaonyesha anayelipwa na ofisi. Katika viwanda vingi vya karne ya 19 fundi alilipwa kwa kipande cha kazi, kisha yeye mwenyewe akamlipa kijana wake wa kusaidia. Kijana huyo yuko kiwandani toka asubuhi hadi jioni, mikono imejaa gundi, lakini katika daftari hayupo.

Basi watafiti hukimbilia serikalini, kwenye sensa. Na hapa ndipo fundo lenyewe lilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sensa ya Marekani ya mwaka 1850 ndiyo ya kwanza kuandika kila mtu huru kwa jina lake. (Watumwa waliorodheshwa kando, kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mwenye kuwamiliki.) Inakupa jina, umri, mahali pa kuzaliwa, na kwa wanaume, kazi. Utasoma: fulani, miaka 27, mzaliwa wa Ujerumani, mtengenezaji wa piano. Vizuri. Ila haisemi anatengeneza piano kwa nani. Na New York ya miaka ile ilikuwa na makampuni mengi ya piano, mengine makubwa na ya zamani kuliko Steinway.

Serikali hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo ya 1850 hadi 1880, iliandika kitabu kingine: orodha ya viwanda vyote vilivyozalisha mali ya dola 500 au zaidi kwa mwaka. Humo utakuta jina la kampuni, mbao na chuma ilichonunua, piano ilizotoa, wastani wa wafanyakazi wanaume na wanawake, na jumla ya mishahara. Humo hamna jina hata moja la mfanyakazi.

Kwa hiyo kitabu kimoja kina majina bila kiwanda, na kingine kina kiwanda bila majina. Utafiti wote wa wafanyakazi wa mwanzo ni kazi ya kuvishona vitabu hivi viwili, na uzi haumo katika chochote kati yao.

Uzi unaupata pembeni. Mhamiaji aliyetaka uraia wa Marekani alihitaji shahidi wa kuapa mbele ya mahakama kwamba amemfahamu na kwamba ameishi nchini miaka mitano. Nani amekufahamu miaka mitano katika mji ambao huna ndugu? Mara nyingi ni mwenzako wa kazini au jirani wa chumba. Vitabu vya makanisa ya Kilutheri navyo vinaandika baba na mama wa ubatizo. Ukishamjua mtu mmoja kwa hakika kwamba alikuwa Steinway, unaangalia nani alisimama naye siku ya harusi, nani alimshika mtoto wake kanisani, nani alimwapia mahakamani. Jina linalojirudia mara tatu ni la kufuatilia. Mjomba nilipomweleza hivi alicheka, akasema ndivyo mama zetu wanavyofanya matangani: wanatazama nani kakaa karibu na nani, kesho yake wanajua ukoo mzima.

Kuna pia vitabu vya anwani vya mji, vilivyochapishwa kila mwaka, vyenye jina, kazi na nyumba. Vinafaa kwa kufuata mtu akihama kutoka mtaa hadi mtaa. Ubaya wake ni kuwa vinapendelea wenye nyumba. Kapera aliyepanga kitanda kwa mjane wa Kijerumani huenda asionekane miaka kumi.

Kisha kuna mashimo ambayo hakuna ujanja wa kuyaziba. Karatasi za sensa ya 1890 ziliungua Washington Januari 1921, na kilichosalia ni kidogo mno. Orodha za abiria waliopandia meli Hamburg zipo kuanzia 1850, lakini nyingi za Bremen ziliharibiwa. Kama fundi wako alipitia Bremen, kijiji alikotoka utakitafuta upande wa Marekani, kwenye jiwe la kaburi au tangazo la kifo gazetini. Na tazama kichekesho hiki: sensa ya 1850 iliagizwa ihesabu watu walivyokuwa tarehe 1 Juni. Familia ya Steinweg ilifika tarehe 29. Kwa kufuata sheria, mwanzilishi wa kampuni yenyewe hakupaswa kuonekana humo.

Jina lenyewe linapotoroka

Steinweg akawa Steinway, na familia ikalihalalisha jina hilo mwaka 1864. Heinrich akawa Henry, Carl akawa Charles, Wilhelm akawa William. Kama matajiri walifanya hivyo, mpiga randa aliyeitwa Schmidt alizuiwa na nini kuitwa Smith? Müller aliamka Miller, Zimmermann akaitwa Carpenter, kwa kuwa maana ni ile ile, seremala. Juu ya hayo, karani wa sensa aliyesimama mlangoni aliandika alichosikia, na Mjerumani aliyefika mwezi uliopita alitamka alivyozoea kwao. Anayetafuta jina kwa herufi zake kamili atamkosa mtu aliye mbele ya macho yake.

Wamarekani walijaribu kutibu hilo kwa kupanga majina kwa sauti badala ya tahajia: konsonanti zinazokaribiana zinapewa namba moja, vokali zinaachwa. Sisi tungehitaji dawa hiyo zaidi. Karani wa Kibelgiji aliandika "ou" pale tunapoandika "u", akasikia "l" mahali pa "r", akagawa jina moja kuwa mawili. Kisha ukaja mwaka 1972 na siasa ya uhalisi ya Mobutu, majina ya ubatizo ya Kizungu yakapigwa marufuku. Mzee aliyeandikishwa kazini mwaka 1955 kama Jean fulani, mwaka 1975 kadi yake inasema jina jingine kabisa. Mji wenyewe ulikuwa Elisabethville hadi 1966. Nchi imebadili jina mara kadhaa. Hata Fourth Avenue ya Steinway ukiitafuta leo mahali pale utakuta inaitwa Park Avenue, na kiwanja cha kiwanda kimekaliwa na ghorofa ndefu ya Seagram.

Kwa hiyo kanuni niliyojiwekea ni hii: usimfuate mtu kwa jina, mfuate kwa mchanganyiko. Umri, mke, watoto kwa mpangilio wao, mahali pa kuzaliwa, kazi. Jina linaweza kugeuka, lakini mtu mwenye mke aitwaye Dorothea, mapacha wa miaka sita na kazi ya kupaka vanishi hawezi kuwa wengi katika mtaa mmoja.

Daftari la bosi

Steinway ina kitu ambacho viwanda vingi havina. William, mtoto wa nne wa kiume, aliandika shajara kuanzia Aprili 1861, siku chache kabla ya harusi yake na siku chache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza Marekani, hadi Novemba 1896, wiki chache kabla ya kufa. Ni madaftari tisa, karibu kurasa 2,500, na makumbusho ya taifa ya historia huko Washington yameyachapisha yasomwe na yeyote mwenye intaneti. Humo mmetajwa watu wa kiwandani: aliyeajiriwa, aliyefukuzwa, aliyekufa, aliyekuja kuomba mkopo.

Ni hazina, lakini ni hazina ya upande mmoja. William anapoandika juu ya mgomo, anaandika mtu ambaye mlango wake ndio uliozingirwa. Mwaka 1872 mafundi wa piano wa New York waligoma kudai siku ya kazi ya saa nane, na Steinway ilikuwa katikati ya vurugu ile, na polisi waliitwa. Ukisoma shajara peke yake utamjua msimamizi mwaminifu kwa jina na utawajua wagomaji kwa wingi wao tu. Ili uwapate hao wengine lazima ufungue magazeti, hasa ya Kijerumani yaliyosomwa mitaa ya Kleindeutschland, yaani Ujerumani Ndogo, upande wa mashariki wa mji, yaliyotaja wajumbe wa kamati na waliokamatwa. Katika historia ya kazi, mtu wa kawaida huandikwa jina lake mara mbili: akianguka na akishtakiwa.

Hili tunalijua kwa uchungu. Mgomo wa Union Minière wa Desemba 1941 uliishia kwa askari kufyatua risasi katika uwanja wa mpira hapa mjini. Jina la Léonard Mpoyi, aliyeongoza, limebaki. Majina ya wengi walioanguka karibu naye yalihifadhiwa na jamaa zao, siyo na kampuni. Ndiyo maana kazi ya wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kama Donatien Dibwe dia Mwembu, ya kukaa na wazee na wajane wa wafanyakazi na kuwasikiliza, ina uzito ambao rundo la kadi za ofisi haliwezi kuwa nao. Watafiti wa viwanda vya karne ya 19 hawana wa kumsikiliza. Wamechelewa.

Baada ya migomo iliyoutangulia ule wa 1872, au kwa sababu yake, William alifanya jambo ambalo mtu wa Lubumbashi akilisoma atadhani anasoma habari za nyumbani. Kuanzia mwaka 1870 kampuni ilinunua ekari 400 upande wa pili wa East River, huko Astoria, Queens, ikajenga kiwanda cha kupasulia mbao na tanuru la kuyeyushia chuma, kisha nyumba za matofali za wafanyakazi, kanisa, shule, chekechea ya bure na maktaba. Lengo halikufichwa: kuwaondoa mafundi karibu na baa na mikutano ya mjini ambako migomo ilipikwa. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilianza siasa yake ya kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja: kambi, nyumba ya mwenye mke, posho, zahanati, shule ya watawa. Tajiri akikujengea nyumba, ukigoma unagoma ukiwa ndani ya mlango wake.

Lakini kwa mtafiti kijiji cha kampuni ni baraka, na nasema hivyo bila kukisifia. Kumbuka vile vitabu viwili visivyokutana. Sensa ya 1880 ndiyo ya kwanza kuandika mtaa wa nyumba, pamoja na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba. Ukifungua kurasa za upande ule wa Queens, ukakuta safu ya nyumba ambamo kila mlango una mtengenezaji wa piano, mpaka vanishi au mfua chuma, wote Wajerumani au watoto wa Wajerumani, hakuna haja ya kuuliza wanamfanyia nani kazi. Mtaa umejibu. Baadhi ya nyumba zile zingali zimesimama, na kiwanda bado kinatengeneza piano mtaa uitwao Steinway Place. Hapa kwetu pia, ukimwambia mtu baba yako alikuwa na nyumba kambini, hakuulizi alifanya kazi wapi. Anauliza kambi ipi.

Penseli inaposema uongo

Narudi kwenye kibao. Watu wakiona jina ndani ya ala ya muziki husema wamempata mtengenezaji. Pole pole. Mtu anayeandika kwa penseli ndani ya piano anaweza kuwa mmoja kati ya watatu: fundi wa kiwanda aliyeimaliza kazi, mrekebishaji aliyeifungua miaka 40 baadaye, au mfanyakazi wa kiwanda kingine kabisa kilichouza kile kipande. Namba ya mfululizo iliyogongwa kwenye fremu ya chuma inakusaidia kujua mwaka, si mtu. Kwa Steinway unajua kwamba namba 483 ni ya 1853, kwamba 100,000 ilipelekwa ikulu ya Marekani mwaka 1903 na 300,000 mwaka 1938, na zilizo katikati unazipanga kwa jedwali. Tarehe ya penseli ikipishana mno na mwaka wa namba, aliyeandika ni mrekebishaji. Mjomba mwenyewe aliniambia amewahi kuandika lake ndani ya piano mbili, na kwamba mjukuu wangu asije akamfanya Mjerumani.

Uwezekano wa tatu ndio uliotufikisha mbali. Makampuni mengi ya piano ya Marekani hayakutengeneza vibao vyake. Yalivinunua vikiwa tayari kutoka jimbo la Connecticut, kwenye miji miwili midogo ya Deep River na Ivoryton, kwa kampuni za Pratt, Read na Comstock, Cheney. Jina Ivoryton maana yake ni mji wa pembe za ndovu. Huko pembe zilikatwa kwa misumeno myembamba kuwa vibandiko vyembamba kama ukucha, zikaanikwa wiki kadhaa juani ndani ya nyumba za vioo hadi ziwe nyeupe, kisha zikabandikwa kwenye mbao kwa gundi.

Mjomba aliinamisha kibao, akanionyesha. Kibandiko cheupe si kimoja. Ni viwili, kipana cha mbele mahali kidole kinapotua na chembamba cha nyuma kinachopita kati ya vibao vyeusi, na mstari wa kiungio chao ni mwembamba kama unywele. Ukikiinamisha kwenye mwanga unaona mishipa, mawimbi hafifu kama ya mbao. Plastiki haina hayo. Ilikuwa pembe.

Sasa rudisha pembe nyuma. Sehemu kubwa ya pembe zilizofika Connecticut karne ya 19 zilitoka Zanzibar. Zilifika Zanzibar kwa jahazi kutoka pwani, Bagamoyo na kwingineko, na Bagamoyo zilifika kwa mabega ya watu kutoka Tabora, Ujiji, Maniema. Zilitoka na kusini huku pia. Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi na kujenga dola yake Bunkeya, kaskazini ya mji huu, aliuza pembe, shaba na watumwa kwa misafara ya mashariki na kwa ile ya magharibi iliyokwenda Benguela, mpaka alipouawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mnamo Desemba 1891. Pembe ya kibao hiki siwezi kuiapia ilitoka wapi. Lakini iliwahi kubebwa na mtu anayetembea.

Je, mtu huyo ni mfanyakazi wa mwanzo wa kiwanda cha piano? Kwa daftari la mishahara, hapana. Bila yeye daftari lingeandika vibao vya mfupa. Nikaenda kumtafuta kama nilivyomtafuta Mjerumani, nikakuta kwamba safari hii nyaraka zipo katika Kiswahili. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa lugha yetu kabla ya kufa mwaka 1905. Anakumbuka nani alimkopesha mali, chifu gani alimdanganya, ndugu gani alibaki wapi na pembe kiasi gani. Anakumbuka frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Waliobeba frasila hizo wanapita kwa mamia ndani ya masimulizi, wanachoka, wanakimbia, wanakufa kwa ndui, na kwa kawaida hawaitwi mtu fulani. Wengine walikuwa wapagazi wa ujira, Wanyamwezi waliofanya upagazi kuwa kazi ya heshima na waliojua kuidai haki yao njiani. Wengine walikuwa watumwa. Sensa ya 1850 na msafara wa Maniema walikubaliana juu ya hilo: mtumwa anahesabiwa, haandikwi.

Kuna njia za kuwakaribia, nazo ni zile zile za mashahidi wa uraia na baba wa ubatizo. Koo za Wayeke zinaendelea kusimulia nani alikuja na Msiri. Vijiji vya njiani vina majina ya watu waliobaki baada ya kuugua. Wamisionari waliofika Bunkeya kuanzia 1886 waliandika barua. Huwezi kupata orodha. Unaweza kupata mmoja, na kwa huyo ukaanza kuangalia nani alikaa karibu naye.

Nilikipiga picha kibao kile pande zote mbili. Chini: penseli, jina la ukoo, siku na mwezi. Juu: kiungio chembamba na yale mawimbi. Nikapima urefu, nikanakili namba ya mhuri, nikamwuliza padre kama parokia ina karatasi yoyote ya reli inayoonyesha sanduku lilitokea bandari gani. Alisema atatazama kabatini kwa masista. Mjomba alikuwa ameshapaka gundi na kunyoosha mkono bila kunitazama. "Leta sasa," akasema, "kwaya inakuya saa kumi."